Mfuko wa Mama: tulikoanzia na tulipofika na skolashipu ya walimu

Watu wananiuliza kila mara ule mfuko wa Mama, wa kusomesha walimu kwa kumkumbuka, umefikia wapi, mmoja anapiga simu akiwa Mbale, mwingine ananishika mkono sokoni hapa Tororo, Uganda, na kila mmoja namsimulia nusunusu tu. Nimeona niweke yote hapa mwezi kwa mwezi jinsi mambo yalivoenda, yaliyo mazuri na yale tuliyokosea pia, na nitakuwa naongeza kadiri tunavosonga.

Agosti 2022

Mama alituacha Julai 2021, katikati ya lokdauni ya pili ya korona. Amri ilikuwa watu 20 tu kwenye maziko, na sisi watoto wake tuko sita, weka wajukuu, weka padri, weka vijana wa kuchimba kaburi, hesabu ishajaa, ikabidi tuanze kuwaambia watu wa nyumbani wenyewe wewe ingia, wewe baki. Mwanamke aliyefundisha P1, yaani darasa la kwanza, miaka 33, nusu ya watu wa rika langu hapa mjini yeye ndo aliwashika mkono wakaandika "a" yao ya kwanza, alafu azikwe na watu 20. Wengine walikuja hivohivo wakasimama ng'ambo ya reli na barakoa zao, hawakuvuka, nilikuwa nawaona kwa mbali wamesimama juani mpaka tukamaliza. Na watoto wa P1 walikuwa nyumbani toka Machi 2020, shule zikaja kufunguliwa zote Januari 2022, kwa hiyo Mama aliondoka bila kuisikia tena kengele ya ile shule jirani ikiwaita, na hio kwangu mpaka leo inauma.

Sasa mwezi huu ndo tumefanya misa ya kumbukumbu, na wote waliozuiwa wakaja. Sikuhesabu watu ila sufuria za posho (ugali) zilichemshwa mara tatu. Jioni tukakaa familia peke yetu, kaka mkubwa akasema kaburi liwekwe tailsi na uzio wa chuma, ameshapata fundi kutoka Malaba. Shangazi, dada yake marehemu Baba, ambaye hakusoma ata darasa moja, alikuwa anasikiliza tu, alafu akasema wifi yangu hakuwa mtu wa tailsi, hizo pesa tafuteni kazi yake iendelee. Kukawa kimya. Mdogo wetu wa mwisho ndo akasema basi tumsomeshee mwalimu. Hakuna aliyebisha, ata kaka hakubisha, nadhani kwa sababu wote tulikuwa tunakumbuka Mama alivokuwa akilalamika kila matokeo yakitoka, kwamba watoto wenye akili wote wanataka kuwa madaktari na mainjinia, na ualimu unabaki wa yule aliyekosa pa kwenda.

Kikapu cha siku ile kilikuwa na shilingi 1,340,000. Huo ndo mwanzo.

Septemba 2022

Mambo ya pesa. Ndugu sita, kila mmoja 50,000 kwa mwezi, jumla 300,000. Mwezi wa kwanza tulikuwa tunatumiana kwenye simu ya dada aliyeko Arua lakini tukaona tunapoteza, manake ukitoa hela kwenye simu kuna ada ya wakala na kodi ya asilimia 0.5 juu yake, kidogo kidogo inakula. Tukafungua akaunti kwenye SACCO, chama cha kuweka na kukopa, watu watatu wa kusaini na lazima wawili wawepo. Mweka hazina tumemchagua wifi yetu, mke wa kaka mkubwa, ndo kazi yake ya kila siku kwenye uhasibu na ni mtu ambaye akikosa shilingi 200 halali.

Kuna aliyeshauri tusajili shirika kabisa na katiba na bodi. Kwa sasa hapana. Tunataka kwanza tuone kama tunaweza kukaa mwaka mzima bila mtu kukwepa mchango.

Novemba 2022

Nimeenda shule ya Mama kuongea na mwalimu mkuu. Nilikuwa nataka ushauri tu namna ya kuwapata vijana, yeye akanipeleka stoo akaniambia hizi ni za mama yenu, tuliogopa kuzitupa.

Ilikuwa ndoo ya rangi, ile ya lita 20, imejaa visoda, vile vifuniko vya bati vya chupa. Nimezikumbuka palepale. Tukiwa wadogo kazi yetu ya Jumamosi ilikuwa kuokota visoda kwenye mabaa ya karibu na stesheni, alafu Baba, alikuwa mtu wa reli, anavigonga kwa nyundo mpaka vinalala bapa na ile mikunjo ya pembeni isikate watoto vidole, anatoboa katikati kwa msumari, na Mama anavitunga kumi kumi kwenye waya wa breki ya baiskeli na kukunja ncha zote mbili. Kila fungu ni kumi. Ukitaka kumuonyesha mtoto 34 unampa nyaya tatu na visoda vinne vya peke yake, anaviona, anavishika, vinalia mkononi. Nyingine bado zina rangi ya bluu aliyopaka upande mmoja ili mtoto asichanganye tano na tano.

Alianza kuzitengeneza kwa wingi ile 1997 UPE, elimu ya primary bila ada, ilipoingia. Wenye umri wangu mnakumbuka, watoto wa primary nchi nzima walitoka kama milioni 3 wakapita milioni 5 ndani ya mwaka mmoja, ilikuwa jambo kubwa na zuri, lakini darasa la Mama lilitoka watoto 50 na kitu likawa 140, wakahamishiwa chini ya mwembe, na vitabu vilikuwa vilevile vya watoto 50. Yeye hakungoja. Alisema namba haihitaji kitabu, inahitaji kitu cha kushika.

Nimerudi na ile ndoo kwenye boda, nimeiweka chumbani kwake.

Aprili 2023

Matokeo ya UACE, ule mtihani wa kumaliza S6 (kidato cha sita), yalipotoka tukatangaza kanisani, msikitini, kwa wenyeviti wa LC (mabaraza ya mtaa) na kwenye mbao za shule tatu. Zikaja barua 31. Sikutegemea. Kaka mkubwa alitaka tuchukue pointi za juu tu tumalize, dada wa Arua akasema pointi zinaonyesha nani alikuwa na taa ya kusomea usiku, na wote wawili walikuwa na haki. Tena wenye pointi za juu kabisa wanaweza kupata nafasi za serikali, zile kama 4,000 zinazolipiwa kila mwaka kwenye vyuo vikuu vya umma. Wanaobaki katikati ndo wanaumia, amefaulu, barua ya chuo anapata, lakini hana wa kumlipia.

Tukachuja wakabaki tisa, tukawaita nyumbani Jumamosi. Mimi nikaomba kitu kimoja, tusiwaulize maswali ya ofisini yale ya jieleze wewe ni nani. Kila mmoja apewe dakika 10 atufundishe chochote, na sisi tukae kwenye mkeka kama watoto wa P1. Shangazi naye akakaa mbele kabisa.

Nitasimulia wawili. Kijana wa kwanza anatoka upande wa Busia, anataka kufundisha Kiswahili. Akaandika chini kwa kijiti mtu, watu, akaandika mti, akatuuliza miti au wati? Tukacheka, akasema sawa mnajua, ila mmejuaje? Sisi nyumba yetu ni ya Kiswahili, Baba Mteso wa kule wilaya ya Kumi, Mama Msamia, lugha yao ya kupatana ilikuwa Kiswahili cha reli na ndo tumekua nayo, lakini hilo swali hakuna aliyekuwa na jibu lake, akatutoa pale taratibu, mtu na mnyama anakwenda huku, mti unakwenda kule, na mtume na mtumwa je, mpaka mdogo wetu akawa anabishana naye kama mwanafunzi kweli. Na haja ipo. Katiba ilibadilishwa 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakubali kiwe somo la lazima primary na sekondari, lakini amri haifundishi, anafundisha mtu, na watu hao ni wachache. Mama alikuwa anatukanwa zamani kwa kuongea Kiswahili na watoto, ati ni lugha ya wanajeshi na wezi. Yeye alikuwa na darasa lenye Jopadhola, Wateso, Wasamia, Wagisu, mtoto akilia siku ya kwanza alimbembeleza kwa Kiswahili kwanza.

Wa pili ni binti, alitembea kutoka karibu na mto Malaba, viatu ameshika mkononi, akafuta miguu kwenye nyasi akavivaa pale mlangoni. Anataka kufundisha watoto wadogo. Hakuwa na chaki wala karatasi. Akamwangalia Shangazi akamuuliza kwa heshima, mama, jioni mbuzi wakirudi unawahesabu vipi? Shangazi akasema mimi siwahesabu, mimi naangalia nani hayupo. Binti akanyamaza kidogo, unaona kabisa jibu hilo hakulitegemea, alafu akasema basi tuanzie hapohapo. Akaokota kokoto tisa, kila moja akaipa jina la mbuzi, Shangazi mwenyewe ndo anataja majina, akazifunika na kitambaa cha kichwa, akatoa moja kwa siri, akafunua. Nani hayupo? Shangazi akataja jina la mbuzi. Wamebaki wangapi? Nane. Basi hio mama ndo tisa toa moja.

Shangazi ana zaidi ya miaka 70. Alishika zile kokoto akazirudia mwenyewe mara tatu, anatoa mbili, anatoa nne, anajijibu. Hatukuhitaji kupiga kura sana.

Tumechukua hao wawili. Wale saba waliobaki nimewapigia mmoja mmoja, kazi hio nisingependa kuirudia ila lazima mtu aifanye kwa mdomo wake, si kwa meseji.

Septemba na Oktoba 2023

Hapa tulikosea na naandika ili mwingine asikosee.

Tulipanga vizuri, 900,000 kwa kila mmoja kila semista, inalipwa moja kwa moja benki kwa jina la chuo, wifi anabaki na slipu. Tukalipa. Tukapiga picha za slipu tukaweka kwenye grupu la familia la WhatsApp, watu wakatuma amina nyingi. Kijana akaripoti. Wiki mbili zikapita, Shangazi akaniuliza yule binti wa mbuzi anasemaje huko chuoni? Nikasema yupo. Akasema umemsikia au unadhani? Nikapiga simu, haipatikani. Nikachukua boda mpaka kwao.

Nikamkuta shambani na mama yake wanapalilia mihogo. Ada imelipwa, kiti chake chuoni kiko tupu, na yeye yuko na jembe. Alikuwa hana godoro. Hana beseni, hana nauli ya Kampala, hana rimu mbili za karatasi zilizoandikwa kwenye ile orodha waliyopewa, hana ya kulipia kitanda. Simu aliiuza ili apate za kwanza, hazikutosha. Nikamuuliza kwa nini hukutuambia, akasema ninyi mmeshalipa laki tisa, ningeanzaje kuomba godoro. Mama yake alikuwa amegeuka anaangalia upande mwingine.

Nimekaa pale kwenye tuta la mihogo nikawaza vile Mama angekuwa ameshajua. Asubuhi ile ya kwanza angejua. Mtoto akikosa darasani siku mbili, jioni Mama anapitia kwao na mkoba wake palepale, tulikuwa tunamngoja chakula kinapoa, na mara nyingi hakukuta mgonjwa, alikuta kitu kidogo tu, nguo imechanika nyuma, mtoto ameachwa na mdogo wake mgongoni. Sisi watoto wake tumekaa tunahesabu ada kana kwamba ada ndo inabeba mtu mpaka chuoni.

Wifi alitoa pesa siku hiyohiyo bila kungoja kikao. Binti akaripoti akiwa amechelewa wiki tatu, chuo kikaruhusu. Na tumebadilisha utaratibu, sasa kila semista kuna 250,000 ya mkononi kwa kila mmoja juu ya ada, inatumwa wiki mbili KABLA ya kuripoti, haina maswali wala risiti. Jumla kwa wawili ni 2,300,000 kila semista. Na kuna zamu, kila Jumapili ndugu mmoja anawapigia wote wawili, anaongea nao kwa sauti, meseji haihesabiwi.

Februari 2024

Kaka mkubwa amesimamishwa kazi, kampuni imepunguza watu. Ana watoto watatu shule. Alitaka kuendelea kutoa kwa kukopa, tukamkatalia. Tumebaki watano, 250,000 kwa mwezi.

Wifi akatandika hesabu mezani, na fikiria ni mume wake mwenyewe anayezungumziwa, lakini hakupepesa. Akiba iliyobaki, ongeza michango, toa semista kwa semista, mwaka huu tunafika, Februari 2025 tunapungukiwa 60,000, na ile ya Agosti 2025 hatuiwezi kabisa. Sio pesa nyingi, lakini chuo hakikupi mtihani ukiwa na deni. Mmoja akasema tumwambie kijana mmoja asimame mwaka, arudi baadaye. Nani asimame? Hakuna aliyejibu, kikao kikaishia hapo.

Mei 2024

Sikuwa nimeandika miezi mitatu kwa sababu sikuwa na la kuandika, sasa ninalo.

Mwezi wa nne nilikuwa kwenye boda, dereva ananiuliza njiani wewe si mtoto wa Mwalimu? Nikamwambia ndiyo. Akasema mimi siku ile nilisimama upande ule wa reli. Tulipofika akakataa nauli yangu, alafu akatoa 5,000 mfukoni akasema nimesikia mnasomesha, hii ni ya kwangu, nilikuwa nataka kuileta siku ya maziko nikazuiwa.

Nilimpelekea wifi akamwandikia risiti. Risiti ya 5,000, na muhuri. Yule dereva akaenda nayo steji kwao, kumbe steji ile wanne wamepita P1 kwa Mama, kesho yake wakaja wengine. Ikaenda sokoni kwa akina mama wa mukene (dagaa) na nyanya, ikaenda Malaba kwa kijana mmoja anayefanya kliaring ya maloli mpakani, nesi mmoja, fundi cherehani. Wengine 2,000, wengine 10,000, yule wa Malaba 20,000, wanaleta mwisho wa mwezi, na mwezi huu zimefika kama 150,000. Karibu kila anayeleta anaanza na neno moja, kwamba hakuzika.

Mimi nilidhani mfuko huu ni wa sisi watoto sita kumkumbuka mama yetu. Hao watu walikuwa wanangoja mlango tu. Nimemwomba radhi yule dereva kwamba hatukuwaita mapema, akaniambia achana na hayo, nipe tu namba ya akaunti.

Wifi ana daftari lao peke yake. Kila robo mwaka tunabandika hesabu kwenye ukuta wa steji na kwenye duka moja sokoni, imeingia kiasi gani, imetoka kiasi gani, imeenda wapi.

Desemba 2024

Mjadala mkali kidogo. Mwalimu mmoja wa primary, mama wa watoto wawili, ana cheti cha Grade III, kile cha ualimu wa primary kilicho chini ya diploma, na miaka 11 kazini, ameomba tumsaidie kusoma diploma, ile ya likizo likizo. Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka kila mwalimu awe na digrii, kuanzia wa watoto wadogo, na zile NTC tano, vyuo vya taifa vya ualimu, Kabale, Kaliro, Mubende, Muni na Unyama, zimewekwa chini ya UNITE, taasisi mpya ya taifa ya elimu ya walimu. Nia ya sera ni njema, mtoto wa P1 anastahili mwalimu aliyesoma kama wa S6, Mama alikuwa anasema hivo miaka mingi kabla. Lakini huyu mwenye Grade III mshahara wake ni uleule mdogo, na kusoma ni lazima ajilipie.

Mdogo wetu akasema mfuko ni wa walimu wajao, huyu tayari ni mwalimu. Dada wa Arua akajibu asiposoma baada ya miaka michache anaweza asiwe. Mimi nilikuwa upande wa mdogo wangu, nasema wazi, niliogopa pesa itatawanyika. Aliyenigeuza ni kaka mkubwa, ambaye sasa anauza vifaa vya ujenzi kidogo kidogo na ndo kwanza ameanza kurudi, aliuliza tu kama Mama angekuwa hai na ana Grade III yake, sera ikamfikia akiwa na miaka 40 na sisi sita, tungetaka nani amsaidie?

Tumekubali, 500,000 kwa kila likizo ya masomo, na hamna ya mkononi kwa sababu ana mshahara. Mara mbili kwa mwaka.

Februari 2025

Ile semista ya pengo imelipwa yote, ada na ya mkononi, na kwa wakati. Sina zaidi.

Juni 2025

Binti wa kokoto yuko kwenye skuli praktisi, yale mazoezi ya kufundisha, wiki ya tatu sasa, amepangiwa shule ya serikali upande wa huku kwetu. Alinipigia kabla ya kwenda akauliza kwa woga kama ile ndoo aliyoiona chumbani siku ya usaili inatumika. Nikawauliza ndugu zangu wote. Shangazi akasema visoda havizikwi.

Nimempelekea mwenyewe. Tuliviosha jioni kwa majivu na maji ya moto, vingine vimekula kutu vikabaki vyekundu, tukavitoa, tukapata nyaya 43 nzima na visoda vingi vya peke yake. Nikakaa nyuma ya darasa kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Watoto 96, madawati wanabanana wanne wanne. Alikuwa amevaa sketi ndefu na vile viatu, vimepigwa soli mpya. Akampa kila dawati nyaya mbili, darasa likajaa kelele ya bati, yule mwalimu mlezi wake akakunja uso, binti hakutishika, akaziacha zilie kama dakika nzima, alafu akainua mkono juu na zote zikanyamaza. Akawauliza kila waya una ngapi. Wakahesabu. Kumi. Na huu? Kumi. Na wa rafiki yako? Mtoto mmoja wa kike, mdogo sana, alikuwa ameushika waya wake kwa vidole viwili anausogeza kisoda kimoja kimoja kutoka upande huu kwenda upande ule, midomo inacheza bila sauti, na alipofika cha mwisho akaangalia juu kuhakikisha kama kuna mtu amemwona.

Nilitoka nje kidogo.

Yule kijana wa Kiswahili naye yuko kwenye praktisi, sekondari, S1 na S2. Anasema shule nzima wana mwalimu mmoja tu wa Kiswahili na siku aliyofika yule mwalimu alimkumbatia.

Julai 2025

Hesabu mpaka leo. Kwenye SACCO kuna 2,785,000. Semista ya Agosti kwa wote wawili ipo, 2,300,000, na mwalimu wetu wa diploma malipo yake yanayofuata ni Desemba, michango itakuwa imeshafika. Kaka mkubwa ameanza kuleta 20,000. Wawili hawa wanamaliza 2026, kwa hiyo lazima tuanze kutafuta wengine mapema, barua mpya tutapokea baada ya matokeo ya UACE kama mwanzo, na usaili utakuwa nyumbani kwenye mkeka vilevile.

Jana binti alipita hapa kuchukua waya wa kufungia visoda vilivokatika. Anasema watoto watatu kwenye darasa lake walikuwa hawaji, akaanza kuwafuata kwao jioni baada ya vipindi, kwa miguu. Mmoja alikuwa na malaria, amerudi. Wa pili alikuwa hana sare, mwalimu mlezi, huyohuyo aliyekunja uso, ametoa ya mwanawe, naye amerudi. Wa tatu amefika kwao mara mbili amekuta mlango umefungwa na majirani hawajui. Nilimuuliza sasa unafanyaje, praktisi inaisha wiki ijayo. Akasema Jumatatu atapitia tena asubuhi, kabla ya kengele.